Ripoti Niliiandika Mimi, Lakini Tulipoulizwa Nikanyamaza

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia nikiwa na fomu ya ukurasa mmoja mezani. Imekaa tupu tangu juzi, na natakiwa kuirudisha kwa mhadhiri kabla ya Ijumaa jioni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu. Muhula huu, katika somo la mbinu za utafiti, tuligawanywa katika vikundi vya watu watano watano. Hatukuchaguana, bali majina yalipangwa na mhadhiri mwenyewe. Kila kikundi kilitakiwa kutunga dodoso, kukusanya majibu, kuyachambua na kuandika ripoti, kisha kusimama mbele ya darasa kuiwasilisha kwa dakika 15 na kujibu maswali kwa dakika 5. Sisi tulichagua kuchunguza muda ambao wanafunzi wenzetu hutumia kujisomea nje ya vipindi, na tulipata majibu ya watu 84.

Siku ya kwanza tuligawana kazi bila ugomvi. Mimi nilichukua uchambuzi wa takwimu, dada mmoja akachukua mapitio ya tafiti zilizotangulia, wawili wakachukua dodoso na ukusanyaji wa majibu, na wa tano, ambaye nitamwita Msemaji kwa kuwa ndiyo karama yake, akasema yeye ataandaa slaidi na kuwasilisha. Tulikubaliana kila mtu aweke sehemu yake kwenye faili la pamoja ifikapo Jumapili. Jumapili ilipofika nilikuta sehemu mbili tu. Moja ilikuwa yangu. Nyingine, ya yule dada, ilikuwa na kurasa tano za aya ndefu zisizo na mpangilio, na baadhi ya marejeo yalikuwa nusu nusu. Maelezo ya ukusanyaji wa majibu yalikuja Jumanne, nayo yalikuwa aya mbili zilizoandikwa kama ujumbe wa simu.

Ripoti ilitakiwa Alhamisi. Usiku wa kuamkia Jumatano sikulala. Nilifuta kurasa za yule dada nikaziandika upya, nikazipanua zile aya mbili zikawa kurasa tatu, nikaandika utangulizi, hitimisho na muhtasari, nikapanga majedwali yote. Saa kumi alfajiri niliweka kwenye kundi letu la WhatsApp ujumbe mfupi kwamba ripoti imekamilika. Watatu walijibu kwa alama ya dole gumba. Yule dada aliandika, “Si ungeniambia tu nirekebishe,” na tangu hapo hajaandika tena neno katika kundi hilo. Wakati ule niliona hana shukrani.

Siku ya uwasilishaji, Msemaji alizungumza dakika zote 15 bila kutazama karatasi. Alitembea mbele ya darasa, akachekesha, akataja namba zangu kama mtu aliyezaliwa nazo. Sisi wanne tulisimama ukutani kama mashahidi. Alipomaliza, mhadhiri aliuliza swali moja: “Mnasema kwa wastani mwanafunzi hujisomea kwa saa 12 kwa wiki. Mmeangalia kama wapo wachache waliotaja saa nyingi mno, wakaupandisha huo wastani?”

Mshauri, jibu la swali hilo liko katika ukurasa wa 17 wa ripoti, na niliyeliandika ni mimi. Walikuwepo watu 6 waliotaja zaidi ya saa 50, na ndiyo maana niliweka pia namba ya katikati, yaani jibu linaloangukia katikati majibu yote yakipangwa kuanzia dogo hadi kubwa, ambayo ilikuwa saa 8. Nilikuwa nimeshika kalamu, nikawa nafungua kifuniko chake na kukifunga. Moyo ulidunda hadi nikadhani darasa zima linausikia, na ulimi ukagoma. Msemaji alingoja kidogo, akatutazama, kisha akasema kwamba wastani ndicho kipimo kinachotumiwa na watafiti wengi. Mhadhiri aliandika kitu kwenye karatasi yake, akatushukuru, tukaenda kukaa.

Alama zimetoka. Ripoti imepata 27 kati ya 30. Uwasilishaji umepata 11 kati ya 20, na chini yake yako maneno haya: “Ripoti nzuri sana. Sina hakika kama kikundi kinaielewa.” Sentensi hiyo ya pili imenikaa kooni.

Sasa ndiyo hii fomu. Kila mmoja wetu anatakiwa kugawa asilimia 100 kwa watu watano kulingana na mchango wa kila mtu, kisha aandike sababu katika mistari minne, na mhadhiri ataitumia kupandisha au kushusha alama za mtu mmoja mmoja. Tumeambiwa ni siri, lakini tuko watano tu, na mtu akishushwa alama atajua ni kwa kalamu ya nani. Hesabu yangu ni hii: mimi 70, Msemaji 10, yule dada 10, na wale wawili 5 kila mmoja. Naamini ndiyo haki, ila kila nikitaka kuiandika mkono unakuwa mzito.

Kuna na jingine. Muhula ujao tuna mradi mkubwa zaidi, na safari hii tunachagua wenzetu wenyewe au tunaomba ruhusa ya kufanya peke yetu. Msemaji na wale wawili wameniomba tuendelee pamoja. Sijui kama wananiheshimu au wamepata punda wa kubeba mizigo. Isitoshe, uwasilishaji wa mradi huo utakuwa na alama 40 kati ya 100, na kila mwanakikundi lazima azungumze. Naomba ushauri wako.

Wako,
Mwandishi wa Usiku wa Manane

* * *

Mwandishi wa Usiku wa Manane, salaam.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama kwenye ile kalamu. Umenieleza kwa kirefu nani aliandika nini na siku gani, lakini mahali ambapo maneno yako yanapumua ni pale unapofungua kifuniko na kukifunga huku jibu likiwa kifuani. Nalisema hili mapema kwa sababu, kama nimekuelewa, umeniletea mambo matatu katika furushi moja: asilimia za kujaza, kikundi cha muhula ujao, na hofu ya kuzungumza. Hofu umeitaja mwishoni, kwa sentensi moja na nusu. Nashuku kwamba ndiyo iliyofunga furushi lote.

Tuanze na ile 70, kwa kuwa ndiyo yenye tarehe. Mwaka 1979, watafiti wawili waliokuwa Kanada, Michael Ross na Fiore Sicoly, waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, anabeba kiasi gani cha kazi mbalimbali za nyumbani. Walipojumlisha makadirio ya mume na ya mke, katika ndoa nyingi jumla ilizidi asilimia 100. Haikuwa lazima mtu awe mwongo ili hesabu itoke hivyo. Kila mmoja alikumbuka kwa urahisi zaidi kazi zilizopita mikononi mwake, na za mwenzake alizijua kwa mbali. Wewe usiku ule ulikuwa macho, kwa hiyo unaukumbuka saa baada ya saa. Lakini majibu 84 hayakujileta. Kuna watu wawili waliowafuata wanafunzi wenzao na dodoso mkononi, wakakataliwa na wengine, wakarudi tena kesho yake, na katika barua yako kazi hiyo yote imekuwa aya mbili zilizoandikwa kama ujumbe wa simu. Ni kweli waliziandika vibaya na kwa kuchelewa. Kuandika vibaya, hata hivyo, si sawa na kutofanya.

Sisemi 70 ni uongo. Huenda ukikaa ukahesabu vizuri ukapata 50, au 65, au ukarudi palepale. Nasema tu kwamba namba iliyotokana na uchovu wa usiku mmoja na namba iliyotokana na orodha ya kazi ni namba mbili tofauti, na mhadhiri akikuita akuulize umeipataje, ya pili ndiyo utakayoweza kuieleza. Faili la pamoja kwa kawaida huhifadhi kumbukumbu ya nani aliandika nini na lini. Lifungue, orodhesha kazi zote tangu dodoso hadi slaidi, zikiwemo zile usizozipenda, kisha ndipo ushike kalamu.

Halafu kuna yule dada. “Si ungeniambia tu nirekebishe.” Ulimwona hana shukrani, nami naomba uisome tena sentensi hiyo kana kwamba ameandikiwa mtu mwingine. Alileta kazi yake Jumapili, siku mliyokubaliana. Kwa hesabu yako mwenyewe, mbali na wewe ni yeye peke yake aliyefanya hivyo. Kati ya Jumapili na usiku wa kuamkia Jumatano zilikuwepo siku mbili nzima. Hukumwandikia kwamba aya zimejaa au marejeo yamekatika. Alipoamka akakuta kurasa zake tano hazipo, na mahali pake pana kurasa safi zisizo na hata sentensi yake moja. Mchele mmoja mapishi mengi, na inawezekana mapishi yake yalihitaji dakika arobaini za kuelekezwa, si kumwagwa. (Wanaoweka dole gumba kwenye ujumbe wa saa kumi alfajiri nao wana maswali yao ya kujibu, lakini si wao walioniandikia.)

Nakupeleka huko kwa sababu kuna jambo linalojulikana kuhusu watu wanaofanya kazi pamoja ambalo huenda limekugusa bila wewe kujua. Mhandisi wa kilimo wa Kifaransa, Max Ringelmann, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1913, alipima nguvu za watu wanaovuta pamoja, akakuta kwamba kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo mchango wa kila mmoja unavyopungua. Watu wanane walitoa takriban nusu tu ya nguvu ambayo ingetarajiwa kwa kujumlisha uwezo wao. Baadaye sana Bibb Latané na wenzake huko Marekani waliwafanya wanafunzi wapige makofi na kelele, wakakuta kwamba upungufu huo hautokani tu na kupishana kwa mikono: watu kweli hulegeza juhudi wanapodhani wako katika kundi. Kilichonivutia zaidi ni majaribio yaliyofuata mwaka 1981, ambapo watu waliamini kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa peke yake hata akiwa kundini. Ulegevu ule ukatoweka.

Sasa tazama faili lenu Jumatano asubuhi. Nani angeweza kuonyesha sentensi na kusema, “Hii ni yangu”? Ni wewe tu. Kwa kuandika upya kila kitu ulilinda alama, na hilo lilifanikiwa, maana 27 kati ya 30 si haba. Lakini pia ulifuta alama ya kidole ya kila mtu, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kujua kilichomo katika ukurasa wa 17. Nisieleweke kwamba nawatetea waliochelewa. Walikosea, na kosa lao ndilo lililokuweka macho. Najiuliza tu kama kikundi chenu kiliacha kuielewa ripoti siku ya uwasilishaji, au kiliacha usiku ule.

Nirudi kwenye kalamu. Umeandika kwamba Msemaji “alingoja kidogo, akatutazama.” Neno hilo uliliweka mwenyewe, na hukulitolea maelezo. Mimi nikisoma naona mtu aliyebaki peke yake mbele ya swali asiloweza kulijibu, akageuka kutafuta mwenye jibu, akakuta macho yako yako kwenye kifuniko. Alichofanya baada ya hapo, kubuni jibu kwa sauti ya uhakika, ni kosa la wasemaji wengi wazuri, na linaudhi. Hata hivyo, mtu anayezungumza dakika 15 bila karatasi juu ya kazi ambayo hakuiandika ameisoma kazi hiyo, tena si mara moja. Katika hesabu yako ya 10, je, hilo ulilihesabu?

Na hapa nakuuliza kwa upole, nawe ujibu moyoni tu: kule kuandika hadi alfajiri kulikuwa kubeba mzigo tu, au kulikuwa pia mahali pa kujificha? Mtu aliyeandika kila kitu hakuna atakayemwambia azungumze. Ameshatimiza wajibu wake na ziada. Inawezekana nimekosea kabisa. Lakini ikiwa kuna chembe ya ukweli, basi muhula ujao hata ukipata wenzako wanne wenye bidii kama nyuki, utajikuta tena usiku wa manane unafuta kurasa za mtu.

Kuhusu hofu yenyewe, nina habari moja ambayo si faraja ya mdomo tu. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba wanaozungumza mbele ya watu hujiona wana wasiwasi unaoonekana wazi kuliko wasikilizaji wanavyouona. Tena waliowahi kuelezwa jambo hilo kabla ya kusimama walizungumza vizuri zaidi, kwa tathmini yao wenyewe na ya waliowasikiliza. Moyo wako haukusikika, niamini. Waliokuwa darasani waliona mwanafunzi mwenye kalamu.

Tena ukiangalia, hukushindwa kutoa hotuba. Ulishindwa kutoa jibu la pumzi moja: “Ndiyo, tumeangalia, wapo 6 waliozidi saa 50, na namba ya katikati ni saa 8.” Kama ungependa kulieleza zaidi, ungewaambia wafikirie watu watano waliotaja saa 4, 5, 6, 6 na 49. Jumla ni 70, wastani ni 14, na hakuna hata mmoja kati yao aliye karibu na 14. Aliye katikati ana 6. Ungemaliza chini ya nusu dakika. Kwa hiyo nisingekushauri uanze na mazoezi ya kutembea mbele ya darasa kama Msemaji. Wewe si yeye. Andika maswali kumi ambayo mtu mkorofi angeuliza kuhusu sehemu yako, mpe rafiki ayaulize bila mpangilio, nawe ujibu ukiwa umesimama, kwa sauti, si kichwani. Wengi wetu hufanya mazoezi ya kusema na kusahau mazoezi ya kujibu, ilhali ulimi hugomea pale ambapo hatujui nini kinakuja. Na ikiwa hofu hii inakufuata hadi nje ya uwasilishaji, ukakosa usingizi au ukakwepa vipindi, huduma ya ushauri nasaha ya chuo chenu ndiyo mahali pake. Mimi kwa barua siwezi kukuona uso.

Tuje kwenye fomu. Ukiandika 70 kama ulivyopanga, unaweza kuwa sahihi, na mhadhiri aliyeona tofauti ya 27 na 11 anaweza kukuamini. Lakini anaweza pia kujiuliza kwa nini mwenye asilimia 70 ya kazi hakuwa na la kusema kazi ilipoulizwa swali. Ukigawa 20 kwa kila mtu ili amani ipatikane, amani itapatikana, nawe utabaki na kinyongo ambacho kitahamia kwenye kikundi kijacho, na waliochelewa watajifunza kwamba kuchelewa hakugharimu kitu. Njia nyingine ni kutoa namba itakayotoka kwenye ile orodha, na katika mistari minne ueleze kazi badala ya tabia za watu: nani alikusanya, nani alichelewa kwa siku mbili, nani aliandika upya, na kwamba uliandika upya sehemu ya mwenzako bila kumwuliza. Hilo la mwisho ni gumu na lina hatari yake, maana unampa mhadhiri sababu ya kukupunguzia. Linakupa pia ushahidi kwamba husemi ya wenzako tu. Wapo watakaokwambia mkutane kwanza mzijadili asilimia pamoja. Nalo linawezekana, ila mkutano wa namna hiyo hugeuka mnada upesi, na wewe, kwa hali uliyonayo sasa, ndiwe utakayeshuka bei.

Muhula ujao ni wako kuamua, nami sina upendeleo. Kufanya peke yako kutakuondolea watu wanaochelewa, na kutakuachia uwasilishaji wote na maswali yote. Kurudi na wale watatu hakunitishi kama kunavyokutisha wewe, kwa sharti kwamba mazungumzo yafanyike siku ya kwanza, kabla hamjazoeana: jina la mtu libaki juu ya sehemu yake, marekebisho yaandikwe pembeni na mwenye sehemu ayafanye, siku ya mwisho yenu iwe siku tano kabla ya ile ya mhadhiri, na swali likija lijibiwe na aliyeandika. Wakikataa utakuwa umejua wanakutakia nini. Wakikubali kwa mdomo tu utajua wiki ya pili, na bado utakuwa na muda. Jambo moja sikuliona katika barua yako: yule dada hayumo kati ya waliokuomba, na hukusema kama wewe umefikiria kumwomba yeye.

Mwisho, kuna kitu kilichonijia nikiwa karibu kufunga. Swali la mhadhiri bado halijajibiwa. Alama zimeshatoka na sidhani zitabadilika, lakini siku ya kurudisha fomu utakuwa umesimama mbele yake, mko wawili tu, bila slaidi wala watu ukutani. Unaweza kumkabidhi karatasi ukaondoka. Unaweza pia kumwambia kwamba lile la wastani mliliangalia, na liko ukurasa wa 17.

Wako,
Mshauri